Siku moja Kikima: Kumjua ndege kabla ya kumrushia jiwe

Kelele za kuku zikisikika uani, mtu wa kwanza kutoka nyumbani huokota jiwe. Hutazama juu, huona mabawa mapana yakizunguka, na bila kuuliza zaidi hupaza sauti: "Mwewe!" Jiwe hurushwa. Mara nyingi halimpati ndege. Lakini siku likimpata, au siku sumu ikitegwa mahali pa jiwe, huenda aliyekufa si mwizi wa vifaranga bali mlinzi wa viazi vitamu na mihogo ya jirani.

Makala haya ni somo la kutofautisha hao wawili, na wengine wengi, kwa kutumia siku moja tu. Darasa lenyewe ni Kikima, katika milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Somo linawafaa wanafunzi na walimu wao, familia inayotaka kutembea siku ya Jumamosi, na vijana wanaofikiria kuwaongoza wageni katika vijiji vyao.

Kwa nini Kikima?

Watu wengi wakisikia Makueni hufikiria jua kali, maembe na mito ya msimu. Kikima ni upande mwingine wa kaunti hiyo hiyo. Soko hili liko juu milimani, mahali ambapo ukungu hutanda asubuhi na mashamba yamekatwa matuta kuanzia bondeni hadi karibu na kilele. Kahawa, parachichi, mahindi, maharagwe na migomba hukua pamoja. Maji yanayotoka katika milima hii hushuka kwenye mabonde makavu na hatimaye kuingia mto Athi.

Kwa ndege, tofauti hii ya mwinuko ni kama nyumba yenye vyumba vingi. Juu wamo ndege wa nyanda za baridi. Chini, ukielekea Tawa, Kako na Kalawa, wamo ndege wa nchi kavu ya miiba. Mtu anayeanza siku yake Kikima na kuimalizia nyanda za chini za Mbooni huona makundi mawili ya ndege bila kutoka nje ya eneobunge moja.

Kuna sababu nyingine. Milima ya Mbooni ni mojawapo ya sehemu za kwanza ambazo Wakamba walikaa kabla ya kusambaa Ukambani kote, na wazee wa zamani walitenga mathembo, yaani mahali pa ibada penye miti mikubwa, hasa mikuyu, ambayo haikukatwa. Palipobaki ithembo, mara nyingi ndipo palipobaki miti ya kienyeji yenye matunda na matundu ambayo ndege huyahitaji. Mgeni asiingie mahali kama hapo bila ruhusa ya wazee wa kijiji.

Maandalizi

Safari hii haihitaji gharama kubwa. Yanayohitajika ni haya:

• Daftari na kalamu ya risasi. Wino huyeyuka ukipatwa na umande.
• Darubini, kama ipo. Moja inaweza kutumiwa na watu wanne kwa zamu.
• Sweta au koti, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na viatu vinavyoshika matope.
• Maji ya kunywa na chakula. Mfuko wa takataka urudi nazo.
• Nguo za rangi ya majani au udongo. Nyeupe na nyekundu huwashtua ndege.
• Kitabu cha mwongozo kwa kikundi kinachoweza kukipata. Kinachotumiwa na wengi ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotolewa 2002.

Miezi mizuri zaidi ni Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapokuwa zimenyesha. Mvua hizi ndizo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, na ndege vilevile. Wengi hujenga viota wakati huo, na wageni kutoka Ulaya na Asia huwa wamewasili.

La mwisho ni adabu. Karibu ardhi yote kuzunguka Kikima ni mashamba ya watu. Kikundi kipige hodi, kisalimie, kieleze kimekuja kufanya nini, kisha kiombe njia. Mwenye shamba mara nyingi anajua kiota kiko mti gani kuliko kitabu chochote.

Saa kumi na mbili asubuhi: kusikiliza

Ndege huimba zaidi katika saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko. Hewa imetulia, na kila dume hutangaza mpaka wa eneo lake kabla ya kwenda kutafuta chakula. Kwa hiyo somo la kwanza ni la masikio. Kikundi kisimame mahali pamoja kwa dakika kumi bila kuzungumza. Kila mtu afumbe macho na kuhesabu kwa vidole sauti tofauti anazosikia. Wanaoanza hupata tatu au nne. Siku ikiisha watashangaa walikuwa wakiishi na ngapi bila kujua.

Sauti ya kwanza kutambuliwa na kila mtu ni ya kwarara. Ndege huyu wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda huruka asubuhi akipiga makelele makubwa, halafu hutua shambani na kudunga udongo kutafuta funza na mabuu. Sauti ya pili, inayokatikakatika kwa uchangamfu juu ya ua, ni ya shore, ndege wa hudhurungi mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Hao wawili wakishajulikana, zinazobaki huwa rahisi zaidi kuzitenganisha.

Saa mbili hadi saa nne: kutazama

Jua likipanda, somo la macho linaanza. Mwanafunzi wa ndege hujiuliza maswali matano kwa mpangilio, na hayahitaji kujua jina kwanza:

1. Ana ukubwa gani ukimlinganisha na shore, njiwa au kuku?
2. Mdomo wake una umbo gani: mfupi na mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba na uliopinda wa kunyonya maua, au wenye ndoana wa kurarua nyama?
3. Mkia wake una umbo gani?
4. Yuko wapi: ardhini, kichakani, juu ya mti, au angani?
5. Anafanya nini?

Mdomo hueleza chakula, na chakula hueleza kazi ya ndege shambani. Kwenye maua mekundu ya mti ambao wenyeji huuita muvuti, chozi huingiza mdomo wake mwembamba kunywa asali ya maua, na anapohama kutoka ua hadi ua hubeba chavua. Mnana, mwenye mdomo mnene, hula mbegu, na kwa hakika humkera mkulima wa mtama. Lakini mnana huyo huyo anapolea makinda huwatafutia viwavi na wadudu wengine, kwa kuwa makinda yanahitaji protini ili yakue haraka. Kuzumburu, mwenye mkia mrefu kama wa panya, hula matunda na majani machanga, na mwenye bustani ana haki ya kumlalamikia. Somo hili halidai kwamba kila ndege ana faida kila siku. Linadai kwamba mtu amjue anayemlaumu.

Mwewe ni nani, na shakevale ni nani?

Hapa ndipo kiini cha safari. Karibu saa nne hewa hupata joto na kuanza kupanda, na ndege wakubwa huitumia kuelea bila kupiga mabawa. Juu ya matuta ya Mbooni wawili huonekana mara kwa mara, na wote huitwa mwewe.

Mwewe halisi ni wa hudhurungi mwili mzima. Mkia wake ni mrefu na umepasuka mwishoni kama mkia wa samaki, naye huupindua kushoto na kulia anaporuka, kana kwamba anashika usukani. Hupenda masoko, machinjio na majalala. Hula mizoga, mabaki na panya, na huyu ndiye anayeweza kushuka ghafla na kuondoka na kifaranga, au hata kipande cha nyama mkononi mwa mtoto.

Shakevale ana mgongo mweusi wa kijivu, na kwa kawaida tumbo jeupe, ingawa wapo walio weusi mwili mzima. Alama isiyokosea ni mkia: ni mfupi, mpana kama kipepeo cha mkono, na una rangi nyekundu ya tofali. Mabawa yake ni mapana. Huketi kwa muda mrefu juu ya nguzo au mti mkavu akiangalia chini. Anachotafuta ni fuko, panya wa shambani, mijusi na nyoka. Anaweza kuchukua kifaranga kilichoachwa peke yake, lakini riziki yake kubwa iko kwenye mashimo ya ardhini. Kila fuko anayeliwa na shakevale ni fuko asiyekata mizizi ya viazi vitamu usiku.

Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni fupi: tazama mkia. Uliopasuka ni wa mwewe. Mwekundu na mfupi ni wa shakevale.

Na hata kwa mwewe, jiwe si dawa. Vifaranga hupotea zaidi katika majuma yao ya kwanza, wanapokuwa wadogo na wanazurura uwanjani. Banda dogo lililofunikwa kwa wavu au matawi, ambamo kuku na vifaranga wake hukaa hadi wakomae kidogo, huokoa wengi kuliko manati. Wavu huo huzuia pia kicheche na paka.

Kinachopotea

Zamani shakevale alikuwa ndege wa kawaida barabarani kote katika nyanda za juu za Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na shakevale ni miongoni mwa zilizopungua sana. Wanasayansi wanataja sababu kadhaa: makao yao kugeuzwa mashamba na miji, nyaya za umeme zinazowaua wanapotua, na sumu.

Sumu ndiyo inayomhusu moja kwa moja mwananchi wa kawaida. Mtu akiweka dawa kali ya wadudu ndani ya mzoga ili amuue fisi au mbwa, wa kwanza kufika huwa ni tai na mwewe, na wote hufa. Mtu akitega sumu ya panya, panya hafi papo hapo. Hutembea akiwa dhaifu, na panya dhaifu ndiye anayekamatwa kwa urahisi na bundi au shakevale. Sumu iliyowekwa kwa panya mmoja humwondoa mlaji ambaye angekula mamia. Mwaka unaofuata panya huzaana haraka. Bundi na shakevale huzaa makinda machache tu, na pengo lao huchukua miaka kuzibika.

Kwa anayelazimika kutumia sumu ya panya ndani ya ghala, ushauri ni huu: aiweke ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, aokote panya waliokufa kila asubuhi na kuwazika kwa kina, na asiimwage kamwe shambani. Akiona kundi kubwa la kwelea kwelea likikaribia mtama au wimbi, ampashe habari afisa wa kilimo wa wadi mapema, asijaribu kutengeneza sumu yake mwenyewe.

Bundi wa jioni

Hakuna ndege anayeuawa bila hatia kama bundi. Katika nyumba nyingi, bundi akilia juu ya paa, inasemekana ameleta habari ya msiba. Ukweli ni kwamba bundi hufuata chakula. Hulia karibu na nyumba kwa sababu karibu na nyumba kuna ghala, ndani ya ghala kuna mahindi, na kwenye mahindi kuna panya. Anaona gizani, na manyoya yake laini humwezesha kuruka bila mlio, hivyo panya hamsikii akija. Mkulima wa Kikima anayelala huku bundi akilia nje ana mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Alasiri: kushuka bondeni

Baada ya chakula cha mchana kikundi chenye usafiri kinaweza kushuka kuelekea Tawa na mbele zaidi. Hewa hubadilika ndani ya muda mfupi, na ndege nao hubadilika. Hapa kuna kwezi wa bluu inayong'aa na tumbo la rangi ya kutu, hondohondo wenye midomo mikubwa, na kanga wakikimbia kwenye nyasi kavu. Mito ya msimu yenye mabwawa ya mchanga inafaa kusimama. Maji yaliyohifadhiwa ndani ya mchanga huacha kingo zenye unyevu hata wakati wa kiangazi, na hapo fundichuma, ndege wa hudhurungi mwenye kishungi kinachofanya kichwa kifanane na nyundo, hutafuta vyura.

Novemba na Desemba, kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, inafaa kutazama juu. Kati ya mbayuwayu waliotoka Ulaya wanaweza kuwamo vipanga wadogo wa Amur, wanaozaliana mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China. Ndege hawa huvuka Bahari ya Hindi kwa mabawa yao wenyewe wakielekea kusini mwa Afrika, na hupitia nchi yetu wakila kumbikumbi. Jirani na Makueni, katika Hifadhi ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi, watafiti wamekuwa wakiwafunga pete ndege wahamaji pale Ngulia tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za mahali hapo huwavuta ndege waliokuwa wakipita juu gizani. Pete hizo ndizo zilizosaidia kuonyesha kwamba ndege anayepumzika kwenye mti wa mkulima wa Ukambani leo anaweza kuwa alianguliwa bara jingine.

Orodha yako ina thamani

Kenya ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, lakini mahali walipo hapajulikani sawasawa. Watazamaji wengi huenda mbuga zilezile maarufu, na vijiji kama vya Mbooni hubaki na pengo. Mradi wa Kenya Bird Map hugawanya nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Mtu yeyote anaweza kujisajili, akazunguka ndani ya mraba mmoja kwa angalau saa mbili, akaandika kila spishi aliyoiona au kuisikia kwa mpangilio, na kuituma. Orodha hiyo hiyo inaweza kuongezewa kwa muda wa siku tano.

Mfano wa umuhimu wake ni ndege anayeitwa na wanasayansi Turdoides hindei. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, katika mabonde ya kusini na mashariki mwa Mlima Kenya na upande wa Machakos. Ana madoa meupe yasiyofanana kutoka ndege mmoja hadi mwingine na macho mekundu, na huishi kwa vikundi vidogo vya familia vyenye kelele ndani ya vichaka vya kando ya mito. Yumo katika tishio kwa sababu vichaka hivyo hufyekwa ili kulima hadi ukingoni mwa maji. Mkulima anayeacha ukanda wa vichaka kando ya mto hulinda ukingo usimomonyoke, na papo hapo huwaachia ndege kama huyu mahali pa kuishi.

Sheria inasemaje

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda ndege wa porini pia, na kuwinda au kuuza nyama ya porini ni kosa. Anayemkuta tai au bundi akiwa amejeruhiwa au amekufa kwa dalili za sumu asimguse kwa mikono mitupu. Atoe habari kwa chifu au kituo cha karibu cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kazi ya kufanya

1. Simama nje ya nyumba yako saa kumi na mbili asubuhi kwa dakika kumi. Umesikia sauti ngapi tofauti? Rudia baada ya juma moja.
2. Chora mikia miwili: wa mwewe na wa shakevale. Waonyeshe watu watatu katika kijiji chako na uwaulize ni yupi wamewahi kumrushia jiwe.
3. Muulize mzee mmoja ni ndege gani aliyekuwa akionekana zamani na sasa haonekani. Andika jina lake kwa Kikamba, mahali alipoonekana, na kinachosemekana kilimwondoa.
4. Hesabu miti ya kienyeji iliyobaki kwenye shamba lenu. Ni ndege gani hutua kwenye kila mti?

Kikundi kikirudi sokoni Kikima saa kumi na moja jioni, shakevale huwa bado yuko juu ya nguzo yake, akiangalia chini. Kuku wataendelea kupiga kelele, na mtu atatoka nje tena. Anayejua mkia mwekundu atatazama kwanza.